Makao na Masafa: Dar es Salaam ya Waendao Kazini

Tarikhi ya Dar es Salaam aghalabu husimuliwa kwa majina ya waliotawala: Sayyid Majid bin Said aliyeanza kujenga nyumba za mawe kando ya bandari katika miaka ya 1860, Wajerumani walioufanya mji kuwa makao makuu ya milki yao mwaka 1891, Waingereza walioutwaa mwaka 1916, na serikali ya wananchi iliyoushika tangu uhuru wa 1961. Masimulizi hayo ni ya haki, lakini humwacha nje mtu ambaye bila yeye mji usingesimama hata siku moja, yaani hamali, karani, seremala, dobi na mpishi, ambaye kila alfajiri ilimpasa atoke mahali alipolala aende mahali penye ujira wake, na kila magharibi arudi. Mtu huyo hakuandika kitabu. Hata hivyo, ukitazama mahali alipochagua kulala, na mahali alipokatazwa kulala, utaisoma habari ya mji pengine kwa uwazi kuliko katika nyaraka za magavana.

Katika zama za Sayyid Majid masafa hayakuwa mashaka ya mtu yeyote. Mji ulikuwa kipande cha ufuo kilichoizunguka bandari. Mfanyabiashara wa Kihindi alilala nyuma ya duka lake, nahodha alilala chomboni au kwa mwenyeji wake, na mvuvi wa Mzizima, kijiji kilichotangulia mji kuwako, alifungua mlango akauona mtumbwi wake. Sayyid alifariki mwaka 1870, na kwa muda wa takriban miaka ishirini mji ulisinzia.

Wajerumani walipouamsha waliuamsha kwa kanuni. Sheria yao ya majengo ya mwaka 1891, mwaka uleule walipohamisha makao makuu kutoka Bagamoyo, iliamuru kwamba upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, zijengwe nyumba za mawe za namna ya Ulaya peke yake, na kwamba nyumba za miti, udongo na makuti zikae nyuma, mbali na ufuo. Waingereza walipoupokea mji waliiendeleza kanuni hiyo kwa maneno yao wenyewe, wakaugawa katika kanda tatu ambazo wenyeji wamezijua siku zote kwa majina mafupi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na baina ya kanda ya pili na ya tatu wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, kwa hoja ya kuzuia maradhi yasivuke. Kanuni hizo hazikuwa na haja ya kutaja rangi ya mtu. Ilitosha kutaja gharama ya ukuta wake.

Matokeo yake kwa miguu ya watu yalikuwa dhahiri. Ofisa wa serikali alitoka barazani kwake akafika ofisini kabla jasho halijamtoka. Mfanyabiashara wa Uhindini alifanya bora zaidi, akajenga duka chini na nyumba ghorofani, hata ngazi ikawa ndiyo safari yake yote ya kwenda kazini. Wala sijaona katika mji huu, tangu siku hizo hata leo, tadbiri iliyoishinda hiyo. Aliyeachiwa mwendo ni Mswahili.

Walikuwako, ni kweli, Waswahili waliolala karibu na kazi kuliko hata mabwana zao, nao ni wapishi na maboi waliopewa chumba kimoja uani mwa nyumba za Uzunguni. Hao hawakutembea, lakini waliitwa usiku kama walivyoitwa adhuhuri, hawakuweza kukaa na jamaa zao kwa uhuru, na siku ya kufukuzwa kazi walipoteza pamoja na ujira mahali pa kulaza ubavu. Ndiyo maana wako waliopendelea kupanga Kariakoo na kuvuka Mnazi Mmoja kwa miguu asubuhi na jioni, kwa kuwa mwendo ule ulikuwa mpaka baina ya saa za bwana na saa zao wenyewe. Tunaosifu ukaribu wa kazi na nyumba tusiwasahau watu hao, maana ukaribu ambao mtu hakuuchagua waweza kuwa kifungo.

Kariakoo yenyewe ilizaliwa kwa vita. Kabla ya 1914 Wajerumani walikuwa wamelinunua shamba la mlowezi aliyeitwa Schoeller, magharibi mwa mji, kwa kusudi la kuwahamishia wenyeji huko, wakaanza na jengo la soko. Vita vikawakatiza, na Waingereza walipoingia wakalifanya eneo lile kambi ya wapagazi wa jeshi, ambao kikosi chao ndicho kilichopaachia jina. Baada ya vita viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na juu yake ikasimama nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi unaopenya katikati mpaka uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, jiko na choo nyuma. Mwenye nyumba, na si haba wenye nyumba waliokuwa wanawake, alikaa chumba kimoja akapangisha vilivyobaki. Wataalamu wa mipango waliitazama nyumba hiyo wakaona msongamano. Fadhila yake kubwa hawakuiona: iliwaweka watu wengi wa ujira mdogo mahali ambapo mwendo wa nusu saa uliwafikisha bandarini, stesheni, sokoni na madukani.

Bandarini hasa ndiko hesabu ya masafa ilikokuwa kali. Kuli wa kutwa hakuwa na ajira ila ya siku ile. Alifika langoni mapema, akangoja kuchaguliwa, na asiyechaguliwa alirudi mikono mitupu, akajaribu tena kesho. Mtu wa namna hiyo akikaa mbali hupata hasara mbili, ya nauli au ya nguvu za miguu, na ya nafasi aliyoikuta imekwisha kuchukuliwa na mwenzake aliyelala karibu. Hii ndiyo sababu makuli walibanana Kariakoo, Gerezani na Keko, wakalala watu kadhaa chumba kimoja, jambo ambalo maofisa walilihesabu kuwa upungufu wa ustaarabu na ambalo mimi nalihesabu kuwa hisabati safi. Tena kubanana huko kulizaa nguvu ambayo wenye bandari hawakuitaraji. Mgomo wa mwaka 1939, na ule mkubwa wa 1947 ulioanzia gatini ukaifuata reli mpaka bara, ilikuwa migomo ya watu waliokuwa majirani kabla ya kuwa wagomaji. Wala siamini kwamba habari ingaliweza kuenea kwa kasi ile iwapo kila kuli angalilala kijiji chake, maili kumi kutoka kwa mwenzake.

Serikali ya Kiingereza ilipoona mji umejaa, na watu waliokuwa karibu 70,000 mwaka 1948 wamekuwa 128,742 mwaka 1957, ilipima viwanja vipya Ilala, Temeke, na Magomeni ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Mwaka 1949 ilikwisha kuanzishwa kampuni ya mabasi, Dar es Salaam Motor Transport, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida akatakiwa kulipa fedha ili afike kazini. Jambo hilo lataka kutafakariwa. Mpaka hapo mwendo ulilipwa kwa jasho, na jasho halina stakabadhi. Sasa nauli ilikatwa katika mshahara kila siku, ijara ya chumba cha Magomeni ikapata ndugu yake asiyeonekana katika mkataba, na mpangaji mwenye akili alijifunza kujumlisha vyote viwili ndipo aamue. Wengi waliamua kununua baiskeli. Wengine walitembea kama zamani, wakivuka Jangwani kwa tahadhari wakati wa masika, maana mto Msimbazi ukifurika haumtambui karani wala hamali.

Si kwamba masafa yalikuwa hoja ya pekee. J. A. K. Leslie, ofisa aliyeuchunguza mji katika miaka ya 1950 na ambaye kitabu chake kuhusu Dar es Salaam kilitoka mwaka 1963, alieleza jinsi mgeni anavyofikia kwanza kwa jamaa yake, akalala kwake mpaka apate kazi na chumba. Mtu alikaa penye watu wake, penye wa kumzika akifa. Lakini jamaa naye alikuwa amekaa pale kwa sababu, na sababu hiyo, ukiifuata nyuma, mara nyingi utaikuta imesimama mbele ya lango la kazi.

Mtembezi mashuhuri kuliko wote wa miaka hiyo alikuwa mwalimu. Julius Nyerere, aliporejea kutoka Edinburgh, alifundisha Chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu, takriban kilomita 20 kutoka mjini, naye kazi yake ya pili, ambayo haikuwa na mshahara, ilikuwa Kariakoo, mahali chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Wazee husimulia kwamba mwendo huo aliukata kwa miguu mwisho wa juma, akaingia mjini na vumbi la barabara ya Pugu, akakutana na wenzake, kisha akarudi awahi wanafunzi wake. Mwaka 1955 alitakiwa achague baina ya ualimu na siasa, akaacha ualimu. Na hatimaye alipojenga nyumba yake mjini aliijenga Magomeni, penye wapangaji, mafundi na makarani, nyumba ambayo leo ni makumbusho. Wanatarikhi wameandika mengi juu ya uchaguzi ule wa kazi. Uchaguzi wa makao haujaandikwa sana, nami naona ulikuwa wa busara isiyopungua ule wa kwanza, maana kiongozi wa chama cha watu anayelala kilomita 20 kutoka kwa watu hao atakuwa mgeni wao daima.

Baada ya uhuru kazi zilianza kuondoka kandokando ya bandari, na hapo ndipo hekima ya miguu ilipojidhihirisha tena, safari hii bila idhini ya mtu. Chuo Kikuu, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilihamia Mlimani mwaka 1964 kikajenga na nyumba za walimu wake palepale. Mwaka 1968 kikafunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kwa msaada wa Wachina, kando ya barabara ya Morogoro kule Ubungo. Mwalimu wa chuo alipewa nyumba chini ya miembe. Mfanyakazi wa mashine ambaye hakupata kota alitazama ng'ambo ya barabara, akaona ardhi, akamwendea mwenye shamba, akajenga. Hivyo ndivyo Manzese ilivyositawi, na kwa njia hiyohiyo zilijaa Keko na Vingunguti, kila moja karibu na viwanda vya barabara ya Pugu na Chang'ombe. Vitabu vya mipango huyaita makazi hayo holela, yaani yasiyo na mpango. Mimi nasema mpango ulikuwapo, ila haukuchorwa kwenye karatasi: mtu alipima kwa hatua zake kutoka lango la kiwanda mpaka mahali pa kulala, akasimama pale hesabu ilipokubali. Aliyekosa mpango ni yule aliyejenga kiwanda cha maelfu ya watu bila kujiuliza watalala wapi.

Serikali, kwa insafu yake, ilijifunza. Katika miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lilibomoa nyumba chakavu na kujenga mpya Magomeni na kwingineko. Lakini kubomoa kuligharimu sana na nyumba hazikuongezeka kwa kadiri ya watu, basi kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mkazo ukageuzwa: Manzese ikapelekewa barabara, maji na taa badala ya tingatinga, na viwanja vyenye huduma vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja hivyo vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Leo ukienda Sinza utawatafuta kwa taa, maana ardhi iliyo karibu na kazi haikai mikononi mwa maskini kwa muda mrefu pasipo sheria ya kuwalinda.

Katikati ya mji nako palitokea jambo la ajabu. Mwezi Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, akawekwa Msajili wa Majumba kuyasimamia, na kodi ikawa ndogo kupita kiasi cha soko. Kwa mpangaji aliyekuwamo, hasa karani au mtumishi aliyebahatika kupata chumba cha ghorofani hatua chache kutoka ofisini, hiyo ilikuwa rehema isiyo na kifani, naye hakuiachia. Alipohama, ufunguo uliuzwa kwa siri, kwa malipo yanayoitwa kilemba, na kilemba hicho kilizidi kodi ya miaka kadhaa. Watu walilalamika kwamba ni rushwa, na kweli ilikuwa. Lakini kilemba kilisema ukweli ambao daftari la Msajili halikuuandika: kwamba kulala karibu na kazi kuna thamani yake, na thamani hiyo ikikatazwa kupita mlangoni hupita dirishani.

Na katika miaka hiyo thamani hiyo ilipanda kwa sababu ya mabasi. Kampuni ya zamani ilitaifishwa mwaka 1970, ikagawanywa 1974 kuwa KAMATA kwa safari za mikoani na UDA kwa safari za mjini, na UDA ikapokea mji uliokuwa umekwisha kutambaa katika barabara nne, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, zilizotawanyika kama vidole vya mkono mmoja na kukutana kiganjani, ambako ndiko kila mtu alikotaka kufika kwa saa ileile. Mafuta yalipanda bei tangu 1973, vipuri vikakosa fedha za kigeni, ikafika siku magari ya watu binafsi yakapigwa marufuku barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Ikarusi za Hungaria, zile ndefu zilizopewa jina la kumbakumba, zilibeba watu mpaka milango ikakataa kufungwa. Zilizoharibika ziliegeshwa zikachunwa vifaa. Aliyekaa Mbagala akiwa na kazi Posta aliamka kabla ya adhana, naye asiyeamka akatoa udhuru kazini, na waajiri wakazoea udhuru huo. Mwaka 1983 Serikali ilikubali lililokuwa likitendeka kwa kificho, ikaruhusu magari ya watu binafsi yachukue abiria chini ya leseni ya UDA. Zikaingia daladala: kwanza magari ya kila namna, pamoja na yale ya chai maharage ambamo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana nyuma ya lori dogo, kisha vipanya, kisha Coaster. Zilitatua shida ya kukosa gari, hazikutatua shida ya masafa. Na abiria wa Gongo la Mboto akagundua ujanja wa kugeuza, yaani kupanda gari likiwa bado linakuja mjini, akalipa nauli mbili ili akae kitako wakati wa kurudi. Mtu anayelipa nauli ya kwenda asikotaka amekwisha kukiri kwamba anakaa mbali mno.

Pamoja na hayo, tangu miaka ya 1990 mkondo wa watu ulielekea mbali zaidi badala ya karibu. Sababu yake inaheshimika. Mpangaji wa Ilala au Magomeni alitakiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, alivumilia foleni ya choo na maneno ya mwenye nyumba, naye aliota kuwa na kwake. Kimara, Tegeta, Mbezi, Mbagala, Chanika zikajaa tofali. Mwaka 2002 Serikali yenyewe ilianza mradi wa viwanja 20,000, nao ulipimwa Bunju, Mbweni, Buyuni, Kibada, Toangoma na mahali pengine pa pembeni, kwingine zaidi ya kilomita 20 kutoka kiganjani. Mradi ulifanikiwa, viwanja vikauzwa. Kazi hazikuhamia huko. Mnunuzi alilinganisha bei ya kiwanja na kodi ya chumba, akaona amepata faida. Saa nne za kila siku barabarani hazikuandikwa katika hati, wala watoto wanaolala kabla baba hajarudi na kuamka baada ya kuondoka kwake. Nasema hivi bila dharau kwa waliojenga, maana katika nchi isiyo na pensheni kwa walio wengi, nyumba ndiyo pensheni. Ila ni pensheni inayolipiwa mapema, kwa usingizi.

Jitihada za karibuni ni za kufupisha muda bila kufupisha masafa. Oktoba 2012 treni ya abiria ilianza kwenda baina ya Ubungo na Stesheni, watu wakaiita kwa jina la waziri wake, Mwakyembe. Aprili 2016 lilifunguliwa daraja la Kigamboni, na mwezi uliofuata mabasi ya mwendokasi yakaanza kutoka Kimara katika njia zake yenyewe. Karakana yao ikajengwa Jangwani, katika bonde lilelile lililowatisha watembea kwa miguu wa miaka ya 1950, na mafuriko yamekwisha kuitembelea zaidi ya mara moja. Tangu Juni 2024 reli ya umeme inakwenda Morogoro kwa muda usiotimia saa mbili, na Pugu, alikotokea mwalimu yule kwa miguu, pana stesheni yake. Hayo yote ni mema. Lakini gari lenye kasi humfanya mtu akubali kukaa mbali zaidi, na baada ya miaka michache saa alizookoa huwa zimekwisha kuliwa na kilomita alizoongeza.

Kwa hiyo jambo ninalolipa uzito kuliko madaraja na treni ni dogo kwa ukubwa wake. Machi 2022 zilizinduliwa ghorofa za Magomeni Kota, mahali zilipobomolewa nyumba kuukuu za wapangaji, na familia 644 zilizokuwa zimeondolewa zikapewa haki ya kurudi palepale, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, zikiwa juu badala ya kutandazwa chini. Watu wale wangaliweza kupelekwa Chanika, kama walivyosukumwa wengine tangu 1891. Safari hii hawakupelekwa. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu katika Dar es Salaam watu 5,383,728. Wakubwa wanaopima mji wakitaka kuwapunguzia watu hao adha ya barabara, basi wajenge Ilala, Keko, Temeke na Magomeni, waandike katika sheria kwamba mpangaji wa sasa ndiye wa kwanza kurudi, na viwanja vya Bunju wawaachie watakaofanya kazi Bunju.